Masweta ya Kitangiri

Kokugonza alikuwa akifuma sweta, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji. Ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka kumi na tisa katika chumba chake cha Kitangiri: mlango wazi, dirisha wazi, kitenge kimefungwa kifuani, miguu majini, na mbele yake mashine ya kufumia ambayo kigari chake kilikwenda kulia kikarudi kushoto, kila safari kikiacha safu moja ya uzi wa kijani. Manyoya ya uzi yalimganda shingoni na mikononi, kila palipokuwa na jasho. Jioni alipooga, maji yalimtiririka yakiwa na rangi ya majani ya mgomba, naye aliyatazama yakiingia karoni bila kushangaa tena.

Watu wa mtaa walimwita Mama Sweta, na utani huo ulikuwa wa haki. Mwanza si mji wa baridi. Ziwa liko pale chini linametameta, lakini upepo wake ni wa kubahatisha, na jua la Januari na la Julai ni ndugu wa tumbo moja. Kinachowatofautisha ni vumbi tu. Kitangiri mambo yalizidi, kwa sababu nyuma ya nyumba ya Kokugonza palikuwa na jabali kubwa kuliko nyumba yenyewe, nalo lilishinda likinywa jua mchana kutwa, kisha likaanza kulirudisha jioni, saa ambayo mtu alitegemea kupumua. Hata hivyo, kila mtoto wa shule ya mlimani alitakiwa kuwa na sweta la kijani lenye mstari mweupe shingoni. Lilikuwa kwenye orodha, baina ya madaftari na fagio la chelewa, na orodha ya shule ni kitu ambacho wazazi wengi hununua kwanza na kuuliza baadaye.

Aliyelitia kwenye orodha hiyo ni Kokugonza mwenyewe. Alishuka melini akitokea kwao Kamachumu, mjane mwenye mtoto mmoja na mashine iliyofungwa kwenye blanketi. Kwao ni juu, kuna ukungu asubuhi, na mtoto anayekwenda shule bila sweta ni mtoto asiye na mama. Alifuma moja, akampelekea mwalimu mkuu wa wakati ule, Mwalimu Wilhelmina, ambaye alimvalisha kiranja, akarudi nyuma hatua mbili, akamtazama, akasema, "Sasa hapa panafanana na shule." Hakuna aliyeuliza habari za joto. Kokugonza naye hakuona kwamba amemdanganya mtu. Alileta mjini kitu cha kwao, kama wengine waletavyo miche ya migomba, na alipokuja kugundua kwamba hakikufaa udongo wa hapa, kilikuwa kimekwisha kumlisha na kumsomeshea mwana.

Sasa alikuwa amechoka. Mabega yalimuuma kwa kusukuma kigari, macho yalimuuma kwa manyoya, na kila mwaka kuanzia mwezi wa nane alianza upya kufuma masweta ya Januari yasiyo na tofauti na ya mwaka uliotangulia. Mwanawe Muganyizi alikuwa Dodoma na familia yake, na simu zake zilikuwa fupi. Kokugonza alikuwa amechoka na masweta, lakini hakuwa na kitu kingine cha kuchoka nacho.

Mwezi wa kumi, siku moja mchana, Kabula alibisha hodi.

Alikuwa msichana wa darasa la tano, mwembamba, mwenye adabu iliyosifiwa mtaa mzima. Kila alipoagana na mtu mzima alitoka kinyumenyume mpaka mlangoni, uso kwa aliyemuaga, ndipo akageuka. Kokugonza mwenyewe alikuwa amewaambia majirani mara nyingi: mwoneni mtoto wa Selina, hampi mkubwa mgongo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Umetokea shule?"

"Ndiyo. Bibi, mkono umefumuka." Alinyoosha mkono wa kulia. Uzi ulikuwa umekatika kwenye kiwiko na kuanza kukimbia kuelekea begani.

"Vua nikushonee."

Kabula hakuvua. "Shona hivihivi tu, bibi. Nitatulia."

"Hivihivi nikuchome sindano? Vua, mtoto. Na joto hili hujaliona?"

Kokugonza alimwona akitazama mlango, kisha dirisha, kisha akisogea mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Pale ukutani ndipo alipovua sweta, polepole, akitanguliza mikono. Chini yake alikuwa na shati jeupe la shule, safi, lenye nembo mfukoni na kola iliyopigwa pasi ya mkaa. Akalikabidhi lile sweta kwa mkono mmoja, bila kubanduka ukutani.

Kokugonza alishona. Alikuwa amemaliza na anamrudishia sweta lake lilipomdondoka, na Kabula, kwa kuzoea kuwahi kuokota kitu cha mtu mzima, akainama.

Shati halikuwa na mgongo. Mbele palikuwa na shati, na nyuma palikuwa na kamba mbili za kitambaa zilizofungwa juu ya ngozi, moja mabegani na moja kiunoni. Kitambaa cha mgongo kilikuwa kimekatwa chote, na Kokugonza, ambaye macho yake yalijua kazi ya mkono, aliona mara moja kilikokwenda: kipande kwenye kola, kipande kwapani, kipande chini ya mfuko. Mtu alikuwa amelila shati upande wa nyuma ili upande wa mbele uishi. Ilikuwa kazi ya mshono mdogomdogo, ya mtu mwenye subira, na haikuwa kazi ya aibu hata kidogo, ila mtoto alivaa sweta lake haraka kana kwamba amekutwa uchi.

"Mwalimu hapendi shati bovu," alisema Kabula, akitazama chini.

"Hakuna anayelipenda," alisema Kokugonza. Mtoto akatoka kinyumenyume kama kawaida yake, na safari hii Kokugonza alimtazama akitoka hivyo akiijua sababu.

Jioni Selina alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanika dagaa kule soko la samaki la Mwaloni, mwanamke mrefu wa Kisukuma ambaye mumewe alivuka kwenda Kamanga kutafuta kibarua. Kamanga inaonekana kwa macho ukisimama mlimani, na kivuko hakichukui muda, lakini bwana yule alikuwa na miaka mitatu hajapata nafasi ya kurudi. Selina hakuketi. Alisimama kizingitini na harufu yake ya dagaa na jua.

"Umemvua mwanangu."

"Nilikuwa nashona mkono wa sweta, Selina."

"Umeona."

"Nimeona." Kokugonza alifuta mikono kwenye kitenge. "Sikiliza, mwanangu. Pale sandukuni ninalo shati jeupe la Muganyizi, la tangu anasoma. Tutahamisha ile nembo—"

"Mama, mimi sijaomba."

"Najua hujaomba."

"Mwaka huu mvua zimewahi. Dagaa zinaoza zikiwa kwenye nyavu za kuanikia. Jua likitulia nitanunua shati." Akashusha sauti. "Sweta linamtosha kwa sasa. Bila sweta haendi. Amekwisha kuniambia mwenyewe, bila sweta haendi shule, na mimi simpigi kwa hilo. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu, usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?"

"Mtu yeyote."

"Sitasema," alisema Kokugonza.

Wiki iliyofuata Kabula alizimia darasani. Ilikuwa saa nane mchana, bati juu, watoto sabini chini yake. Mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Nkwabi, ndiye aliyembeba mpaka kivulini. Alikuwa kijana wa Magu aliyesomea sayansi, mpole, asiye na fimbo, na mtu wa namna hiyo akikosea hukosea kwa moyo safi. Alimmwagia mtoto maji usoni, akashika pindo la sweta ili amvue apate hewa, na Kabula, macho yamefumba, fahamu nusu, alilikamata lile sweta kwa mikono yote miwili na hakuachia. Mwalimu alivuta, mtoto alivuta. Mwishowe mwalimu akaachia, akabaki amechuchumaa pale huku machozi yakimlenga, kwa sababu alifikiri ameelewa. Alifikiri ameona mtoto anayeiogopa sheria ya shule kiasi cha kufa nayo.

Ndipo alipoitisha mkutano wa wazazi, ufanyike mwisho wa Novemba, shule ikikaribia kufungwa.

Siku tatu kabla ya mkutano, Mzee Masele, mwenyekiti wa kamati ya shule, alipanda mlima hadi kwa Kokugonza akitweta.

"Mwadila, Mama Muganyizi," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mzee. Karibu kiti."

Masele alijifuta uso kwa leso. "Huyu kijana anataka kutuvulia watoto. Anasema sweta liondoke, tena lisivaliwe kabisa darasani. Mimi sitaki. Shule yetu ikipita barabarani inajulikana. Tukivua sweta tutafanana na nani? Lakini mimi nikisema, nitaonekana mzee mbishi. Wewe ndiye mwenye kazi yako. Una la kusema?"

Kokugonza aliyatazama masweta yaliyokunjwa juu ya rafu mpaka darini, ya Januari, yaliyokwisha kufumwa. Hakuhitaji kuambiwa maana ya mkutano ule kwake. Yakiondoka haya, mashine ingebaki na kofia za watoto wachanga, na wachanga wa Mwanza huvikwa kofia siku ya kubatizwa tu.

"Ninalo," alisema.

Na kweli alikuwa nalo. Kwa siku tatu alilisema moyoni, kigari kikienda na kurudi. Waheshimiwa wazazi, mnasema sweta ni la baridi. Nani kawaambia? Mnajua watoto wangapi hapa wanafunika mashati mabovu? Mnajua aliyezimia alikuwa anaficha nini? Angesema hivyo tu, na mkutano ungekwisha hapohapo. Hakuna mzazi ambaye angenyanyua mkono kumvua mtoto. Mwalimu mwenyewe angekuwa wa kwanza kuomba radhi. Kazi yake ingebaki, na Kabula angebaki na sweta lake, kwa hiyo, alijiambia, angekuwa amemsaidia mtoto vilevile. Alijiambia hivyo mara nyingi kuliko mtu anayeamini anachojiambia.

Mkutano ulifanyika darasani, saa nane mchana ileile, kwa makusudi ya mwalimu. Wazazi walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu, wakijipepea kwa madaftari. Mzee Masele alikuwa amevaa koti la suti kwa heshima ya kikao, na jasho lilimshuka mashavuni likaingia kwenye kola. Selina aliketi safu mbili mbele ya Kokugonza. Alikuwa amevaa khanga mpya, na mgongo wake ulikuwa umenyooka sana.

Mwalimu Nkwabi alibandika ubaoni karatasi kubwa ya manila iliyochorwa na watoto wa darasa la sita. Tangu Desemba ya mwaka uliopita, alisema, walitundika kipimajoto ukutani, pale kwenye msumari ule, na kila siku ya masomo saa nane mchana mtoto mmoja alikisoma na kuandika. Walipofunga shule, mlinzi aliwasaidia. Kila mwezi walitafuta wastani.

"Nitawasomea," alisema. "Desemba, nyuzijoto ishirini na tisa. Januari, ishirini na tisa. Februari, thelathini. Machi, ishirini na tisa. Aprili, ishirini na tisa. Mei, ishirini na tisa."

Mtu mmoja alicheka nyuma. Mwalimu aliendelea bila kuharakisha, mwezi baada ya mwezi, mpaka Oktoba na thelathini na moja yake, mpaka Novemba na ishirini na tisa yake.

Kokugonza hakucheka. Alikuwa akiutazama ule mstari wa tarakimu zilizofanana, zilizoandikwa kwa rangi na mikono ya watoto, na ilimjia kwamba kwa mara ya kwanza mtu amemwandikia maisha yake ubaoni. Ishirini na tisa, ishirini na tisa. Miaka kumi na tisa alikuwa akisubiri bila kujua kwamba anasubiri, akisubiri majira yabadilike, hewa ipoe, pawe na asubuhi moja yenye ukungu ambayo ingemfanya aseme, basi, sikuwa mjinga, walikuwa wanayahitaji. Asubuhi hiyo haikuwapo kwenye karatasi. Alikuwa amewavika watoto wa watu baridi ya kwao. Alijisikia mchovu mpaka kwenye mizizi ya meno.

"Mtoto mmoja alizimia mikononi mwangu," Mwalimu Nkwabi alimalizia. "Nikataka kumvua sweta, akakataa. Wazazi wangu, shule isiwe kitu cha kumwogopesha mtoto hivyo. Naomba sweta liondoke kwenye orodha, na kuanzia Januari lisivaliwe humu darasani."

Minong'ono ikapita. Masele akasimama na koti lake. "Kabla hatujaamua, tumsikilize Mama Muganyizi. Huyu ndiye mwenye masweta. Ana neno."

Vichwa viligeuka. Selina naye aligeuka, taratibu, akamtazama Kokugonza. Hakumkonyeza wala hakumsihi. Alimtazama tu kama mtu anavyotazama mawingu wakati dagaa zake ziko nje.

Kokugonza alisimama akishikilia dawati. Lile neno lilikuwa pale mdomoni, limepangwa, tayari. Aliona jinsi ambavyo lingepokelewa. Aliona wazazi wakigeuka kutoka kwake kwenda kwa Selina, kwa kuwa kila mtu alimjua aliyezimia. Aliona huruma ikimwagika juu ya ile khanga mpya. Na alimwona Kabula akiingia darasani kesho yake, na watoto sabini wakijua kilichoko nyuma yake, sweta au bila sweta.

"Mwalimu amepima sawasawa," alisema. "Joto lipo."

Masele alifungua mdomo.

"Liondoeni kwenye orodha. Mimi sina ugomvi. Ila naomba moja. Mtoto akija nalo, msimvue. Aachwe nalo mpaka mwenyewe aamue."

"Lakini mama," alisema mwalimu kwa upole, "kwa nini mtoto avae sweta kwenye nyuzijoto thelathini?"

Darasa zima lilikuwa likimsubiri.

"Wengine wanasikia baridi," alisema.

Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele. Hakikuwa kicheko kibaya, watu walikuwa wamechoka na joto na walihitaji kitu cha kuchekea, lakini kilikuwa kirefu. "Baridi ya Kitangiri!" alisema mmoja. "Mama Sweta anatetea biashara yake, mwacheni!" alisema mwingine, na wakacheka tena, na hata Masele aliinamisha uso kuficha tabasamu. Mwalimu peke yake hakucheka. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema kwamba anamheshimu mama, lakini kwa afya ya watoto hawezi kuruhusu. Mikono ikanyanyuliwa. Ilikuwa mingi.

Selina hakunyanyua mkono wake, upande wowote. Alikuwa amegeukia mbele.

Mwalimu Nkwabi alimwahi Kokugonza getini. "Mama, samahani. Sikukusudia kukuharibia riziki yako."

"Usijali, mwalimu. Ulichopima ni kweli."

"Tutaangalia kama kuna kazi nyingine ya kufuma, labda fulana za michezo—"

"Tutaangalia," alisema Kokugonza, na alikuwa hana nguvu ya kusikiliza mwisho wa sentensi. Alipanda mlima akipumzika kila baada ya nyumba mbili. Alikuwa amepoteza masweta, na hakuwa amemwokoa mtoto. Alichokifanya ni kuchekwa tu, na umri wake haukumwandaa kwa hilo. Alijikuta analia barabarani, kwa hasira, akijifuta machozi pamoja na jasho ili watu wasitofautishe.

Siku nne mashine ilikaa kimya. Aliloweka miguu kwa mazoea. Aliteremsha masweta ya Januari kutoka kwenye rafu na kuanza kuyafumua, moja baada ya jingine, akizungusha uzi kwenye mapande ya mbao, kwani uzi angalau unaweza kusubiri. Sweta linalofumwa siku nzima hufumuka kabla chai haijapoa. Jambo hilo lilimkera kuliko kicheko.

Siku ya tano jioni, jabali likirudisha joto lake, Selina alisimama kizingitini. Safari hii aliingia. Aliweka chini kopo la dagaa zilizokauka vizuri, nyeupe, za kuchagua, kisha akaketi kwenye kiti bila kuambiwa karibu.

"Walikucheka," alisema.

"Walicheka."

"Ungeweza kusema."

"Ningeweza."

Selina alitazama mikono yake. Kulikuwa na magamba ya dagaa kwenye kucha, na alianza kuyabandua, moja moja. "Kabula anasema Januari haendi. Nimemwambia ataenda. Amesema nimpige." Kisha akafungua khanga yake mapajani, akatoa shati lililokunjwa, lile shati, akaliweka juu ya meza ya mashine, upande wa nyuma juu, kamba mbili zikining'inia. "Mama, kuna kazi ya kushona hapa. Sijui kama utaiweza. Dagaa hizo ni za kazi."

Kokugonza hakulitaja shati la Muganyizi lililokuwa sandukuni. Alilinyanyua la Kabula, akaliangalia mishono ya ndani, ile midogomidogo.

"Hii kola umeshona wewe?"

"Nimeshona mimi."

"Umeshona vizuri sana," alisema Kokugonza. Selina akainamisha kichwa.

Kazi ilimshinda mara mbili. Alikuwa na uzi mweupe mwembamba wa pamba, ule wa mstari wa shingoni, na hakuwahi kuufuma peke yake. Mara ya kwanza kitambaa kilitoka kimelegea, unaona mkono upande wa pili. Alikifumua. Mara ya pili kilikaza mno, kikajikunja kama ngozi iliyochomwa na jua. Alikifumua pia. Alisogeza sindano, akajaribu tena, akisukuma kigari polepole kama mtu anayejifunza, na kwa kuwa kazi ile haikufanana na ya jana yake, alisahau miguu yake na beseni. Desemba ikapita hivyo. Kipande kilipotoka sawa kilikuwa chepesi, chenye vitundu vidogo vya kupitisha hewa, cheupe kama lilivyo shati lenyewe, au karibu. Alikiunganisha begani, ubavuni na kwapani, kwa mshono mdogomdogo, akiufuata ule wa Selina ili usijulikane ulipoanzia wake, kisha akamrudishia Selina shati.

Siku ya kufungua shule, Kabula alibisha hodi mapema, jua likiwa ndiyo kwanza linashika vichwa vya mawe. Alikuwa amevaa sweta juu ya shati.

"Shikamoo, bibi. Mama amesema nipite."

"Marahaba. Vua nione."

Mtoto alisogea ukutani, akavua. Alisimama pale na sweta mkononi, mgongo umegusana na ukuta.

"Geuka," alisema Kokugonza.

Kabula hakugeuka. Alimtazama bibi, akatazama mlango, ambako wenzake walikuwa wameanza kupita kwa makelele, mashati meupe tupu, mikono wazi, wakijisikia wepesi. Kisha akabanduka ukutani na kugeuka, kidogokidogo, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyojua kina chake.

Kokugonza alivaa miwani. Kutoka hapo alipoketi, jicho lake lilijua palipoishia kitambaa na palipoanzia uzi. Mtu wa karibu sana angejua. Mtoto wa dawati la nyuma yake, labda siku moja angeuliza.

"Inaonekana, bibi?"

"Kinachoonekana ni mgongo tu," alisema Kokugonza. "Nenda, utachelewa."

Kabula alirudi nyuma hatua moja kuelekea mlangoni, uso kwa bibi, kama alivyozoea, na hatua ya pili. Kizingitini alisita. Halafu akageuka, akampa Kokugonza mgongo, akatoka hivyo uani, akateremka njiani katikati ya wenzake, bila kukimbia, bila kujificha ukutani, na Kokugonza alisimama mlangoni akautazama ule mgongo mweupe mpaka kwenye kona ya jabali.

Alirudi ndani. Joto la siku lilikuwa limekwisha kuanza. Sweta lilikuwa limeachwa kitini, mikono yake imekunjika, na alipolishika ili alipeleke kwenye lundo la kufumuliwa, lilikuwa bado na joto la mtoto. Akaketi nalo kidogo.